Mama Asiyelia

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa surua, na mimi sikulia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanisifu, maana sifa za kutolia nilizipata nikashiba.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Tuliishi upande wa Itumbe, kwenye mteremko ambao zamani ulikuwa wa wimbi na pareto na sasa ulikuwa ukifunikwa na majani chai. Mume wangu alikuwa karani katika duka moja mjini Kisii. Alirudi nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijatua, kwa sababu tulikuwa watu wa Sabato. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kubatizwa wala hakutaka kusikia habari hiyo, aliishi nyumba ya pili katika boma lile lile.

Kwetu msiba una sauti. Mwanamke anayekuja matangani huanza kupiga yowe akiwa bado njiani, huingia bomani akikimbia, humwita marehemu kwa jina na kumuuliza amemwachia nani. Mwenye kufiwa ndiye huwashinda wote kwa kilio. Lakini wahubiri wetu walitufundisha kwamba wafu wamelala tu, wanangoja kuamshwa, na kwamba kuomboleza kwa makelele ni kazi ya wasio na tumaini. Basi mazishi ya siku zile yalikuwa na pande mbili. Huku nyimbo, kule vilio, na kila upande ukijitahidi kuuzima mwingine.

Mwanangu tulimzika kando ya migomba. Mama mkwe alijitupa chini mpaka akainuliwa na watu. Mimi nilisimama. Nilitazama udongo ukishuka, na nilichokuwa nikikiwaza ni kwamba yule jamaa mwenye koleo amevaa viatu vya kuazima, maana vilikuwa vikimpwaya. Hayo ndiyo mawazo ya mama wa mtoto! Nilingoja uchungu uje. Nilijua utakuja, kwa kuwa nilimpenda mtoto yule kuliko nafsi yangu. Haukuja siku ile wala siku zilizofuata.

Mhubiri alikuwa mgeni kutoka mbali, akihubiri kwa Kiswahili na mzee wa kanisa akimtafsiria kwa Kigusii. Katikati ya mahubiri alininyooshea mkono. "Mtazameni mama huyu," alisema. "Huyu amemwamini Mungu kweli." Watu wakanitazama. Niliisikia sifa ile jinsi mtu anavyosikia jirani yake akiitwa.

Baada ya hapo maisha yaliendelea, na hilo ndilo lililowapoteza watu. Sikulala kitandani, sikuongea peke yangu, sikukataa kuoga. Niliamka na wengine, nikajifunga kikapu mgongoni, nikachuma majani mawili na chipukizi kutoka asubuhi mpaka saa ya kuyapeleka kituoni yakapimwe. Nilikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yangu. Wenzangu wakicheka nami nilicheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Mume wangu aliniletea leso mpya kutoka Kisii, nikamshukuru, nikaikunja, nikaiweka sandukuni pamoja na nyingine. Wakasema nimekuwa mpole. Mpole, mimi! Mimi niliyewahi kumrushia kikapu kitupu karani wa kituo kwa kuyakataa majani yangu eti ni magumu! Kama kuna mtu angenitazama vizuri, huo upole pekee ungemtia wasiwasi.

Siku hizi nasikia redioni wakieleza kwamba mtu mzima anaweza kuugua unyogovu bila kutoa hata chozi, kwamba kutohisi chochote, si huzuni wala furaha, kunaweza kuwa dalili mojawapo. Mimi huizima redio mtu akiingia, sijui kwa nini. Wakati ule hatukuwa na jina la jambo hilo. Tulikuwa na malaria, tulikuwa na uchawi, na tulikuwa na imani, na mimi nikawekwa kwenye imani.

Kilichopaswa kunitisha ni binti yangu. Alikuwa mdogo, maneno yake ndiyo kwanza yananyooka. Mwanzoni aliniletea kila kitu alichookota, jani, jongoo, kijiti, nami nilimwambia ni kizuri. Mtoto hadanganyiki. Mikono yangu ilimwogesha, ikamlisha, ikambeba mgongoni, lakini mimi mwenyewe sikuwemo, na yeye alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaacha kuniletea vitu. Akianguka uani alinipita mlangoni akaenda kulilia kwa bibi yake. Nilimwona akipita. Nilijua kwamba nampoteza mtoto wa pili, naye yu hai, na kujua huko hakukuniuma. Ndipo nikaanza kuomba. Sikuomba furaha. Nilimwomba Mungu aniumize.

Badala yake kanisa lilinipa kazi. Popote palipotokea kifo katika nyumba ya waumini, wazee walinituma nikakae na mwenye kufiwa. Nilitembea vijiji vya huku kwetu mpaka ng'ambo ya Nyamira. Niliingia, nikaketi, nikasema amelala tu, na wanawake walionijua kwa habari walikatiza vilio vyao kwa aibu. Mama mkwe hakuipenda kazi hiyo. Siku moja, akimenya ndizi za kupika, aliniambia kwamba mimi ni mtu wa kuogopesha, na akaendelea kumenya.

Mara ya mwisho nilitumwa kwa mwanamke kijana aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Tulimkuta ameketi chini ukutani, kitambaa cha kichwa kimemtoka, akipiga mayowe yaliyokuwa yakisikika tangu barabarani. Mzee wa kanisa aliyenisindikiza aliniinamia sikioni.

"Mama, mnyamazishe. Mhubiri yuko karibu kufika."

Niliketi kando yake, nikaanza maneno yangu ya kila siku. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Wanasema ulimzika wako bila chozi," alisema. "Ulifanyaje, mama? Nifundishe."

Nilimtazama. Macho yalikuwa yamemvimba, kamasi zinamtiririka mpaka mdomoni, na moyoni nikasema, huyu mwenzangu amebarikiwa. Sikuweza kumdanganya tena.

"Sikufanya kitu," nilimwambia. "Wananisifu bure. Tangu siku ile sihisi chochote, hata kwa mtoto wangu aliyebaki. Usitamani kuwa kama mimi. Lia, mdogo wangu."

Akalia. Wanawake waliokuwa langoni wakamwitikia, na nyimbo upande wa pili zikazama. Njiani kurudi, mzee wa kanisa alitangulia mbele yangu mpaka tulipoachana. Hawakunituma tena. Maneno yangu yalifika nyumbani kabla ya Sabato, na sifa zikageuka. Wapo walioanza kunong'ona kwamba mama asiyemlilia mwanawe huenda anakijua kilichomuua. Hata hilo halikunichoma wakati huo. Lilinichoma baadaye, na bado linanichoma.

Lakini nataka kumalizia siku ile ile. Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu, nikaketi mlangoni kuvua viatu. Binti yangu akatokea kwenye michai akichechemea, mwiba umemwingia kwenye wayo, analia. Kwa mazoea tu nikanyoosha mikono. Akasimama, akaitazama ile mikono, akanitazama usoni. Kisha akanizunguka, akaenda zake nyumba ya pili.

Hapo kitu kikanichoma chini ya titi. Niliinuka, nikashika mwimo wa mlango. Ulikuwa ni wivu, wivu mtupu, namwonea mwanamke mzee aliyekuwa akimtoa mjukuu wake mwiba. Niliwachukia wote wawili, na nilimtaka mtoto wangu.

Mama mkwe alipomaliza alitoka na mtoto kiunoni, akanikuta bado nimeushika ule mwimo. Akaniuliza nimeumia wapi.

"Mtoto amenipita," nilisema.

Akamtazama mtoto.

"Amekupita miezi yote hii, omwana one," alisema, akiniita mwanangu kwa Kigusii. "Leo ndipo umemwona."

Hata siku ile sikulia. Lakini palikuwa pakiniuma, na nilisimama pale mlangoni nikiomba pasiache.