Nyuso za Kubana

Sikuweza kutulia ndani ya duka la kompyuta. Nilisimama, nikachungulia barabarani, nikarudi kwenye kiti, nikasimama tena. Laini ya simu ya Voi ilikuwa imekatika kwa mara nyingine, na slaidi zetu zilikuwa zimekwama njiani kwenda ng'ambo. Wafadhili walitaka kuziona kabla ofisi yao haijafungwa jioni ile. Zisipofika, kina mama wa kijiji chetu cha Mwanda, huko mlimani, wangeendelea kushuka bondeni na mitungi kuteka maji mwaka mwingine mzima.

Mwenye duka, mama wa Kiislamu aliyewapigia chapa barua nusu ya watu wa mji, alichoka kuniangalia. "Mwanangu, faili hili zito, na laini yenyewe ndiyo hii. Geuza kila slaidi iwe picha, zibane ziwe ndogo, kisha uzitume mojamoja. Huko watazifungua hata kama hawana programu hii yako."

Alisema kweli, nami nilichukia kuisikia. Ukiibana picha sana, unaiharibu. Nikapendekeza tutoe slaidi za watu, tubakize ramani na chemchemi iliyokauka. Faili lingekuwa jepesi na lingepita lilivyo.

Shangazi yangu, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama hao, niliyeshuka naye asubuhi, alinikazia macho. Kwenye kikundi chao hakuna aliyeachwa nje. Ukichimba mtaro umo, ukiugua siku ya kuchimba bado umo. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na slaidi yake, amejifunga kitambaa kilekile cha kanisani, amesimama na mtungi.

"Nani atapanda Mwanda amwambie mwenzake tumemtoa kwa kuwa ni mzito?"

"Si yeye mzito, shangazi. Ni faili."

"Basi bana faili. Watu wabaki."

Nikabana, roho ikiniuma. Macho ya kina mama yalipotea kwanza, kisha pua. Huku mwenye duka akipiga simu upya kila ilipokatika, picha zilipita zote, na ofisi ya ng'ambo ilikuwa bado wazi.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Picha zote zimefunguka, waliandika, na wangemtuma mtu aje kupima njia ya mabomba. Ila kulikuwa na jambo moja hawakulielewa: mbona mwanamke ni yuleyule kila picha?

Niliona aibu hata kumsomea shangazi. Alisikiliza, akaniambia nisome tena, nikasoma.

"Waambie huyo anataka maji," akasema.