Mchaichai kwa Mtoto Asiye na Samli

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya kwenda Bunda, ng'ombe wa baba mkwe hawakuja nasi. Walibaki kwa ndugu zake upande wa Butiama, na samli ikabaki nao. Mwanangu wa kwanza alizaliwa huko kijijini, kwenye nyumba ya udongo ambayo kuta zake zilikuwa hazijakauka. Mama mkwe alipomaliza kumkata kitovu hakuniambia kama ni wa kike au wa kiume. Alisema, "Sasa huyu atapakwa nini?"

Kwao mtoto hupakwa samli na bibi mzaa baba, kila jioni, mwili mzima, mpaka aweze kukaa mwenyewe. Mkono wa bibi ndio unaomwambia mtoto kwamba amefika kwao. Mimi nilizaliwa Musoma, Kamunyonge, binti wa mvuvi, na nilipakwa chochote kilichokuwepo, kwa hiyo mwanzoni niliyaona hayo kuwa mambo ya wazee. Lakini kila jioni mama mkwe alimlaza mtoto mapajani, akampitishia viganja vikavu kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akanirudishia. Alinitia huruma na aliniudhi, vyote pamoja.

Jirani yetu alikuwa na samli. Kila mtu alijua, ingawa alificha kibuyu chake uvunguni. Tatizo ni kwamba alikuwa mtu wa ukoo mwingine kabisa, mwanamke tuliyepangiwa naye viwanja mstari mmoja bila yeyote wetu kuulizwa.

"Samli ya watu haiombwi kwa ajili ya mtoto," mama mkwe aliniambia. "Anayempaka ndiye mwenye mtoto. Tangu zamani inakuwaga hivyo."

Nikasema samli ni samli. Akanitazama kama anayetazama kuku aliyeingia jikoni.

Kilichokuwa tele kwetu ni mchaichai. Majani ya chai yaliadimika dukani, sukari tuliisikia kwa jina, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na shina la mchaichai karibu na bafu. Tulichemsha majani yake asubuhi, tukayaita chai. Mwenyekiti wa kijiji akaona tunaweza kupata zaidi. Mzee mmoja aliyewahi kupika gongo kwa kujificha aliruhusiwa kutoa pipa na bomba lake hadharani, akapika mchaichai. Mzigo mzima wa majani ulitoa mafuta yasiyojaza kikombe, yakielea juu ya maji. Yalikuwa yauzwe Musoma kwa watengeneza sabuni. Hakuna aliyeyanunua, basi kila nyumba ikagawiwa kichupa chenye kizibo cha gunzi, na mwenyekiti akatutangazia kwamba hayo ndiyo matunda ya uhuru.

Sikatai, yalifaa. Matone machache kwenye maji ya kunyunyizia sakafu yalifukuza nzi. Kitambaa kilichodondoshewa na kuning'inizwa mlangoni kilipunguza mbu, si sana, ila kilipunguza. Lakini siku moja nilijipaka mkononi palipoumwa na mdudu, mafuta yenyewe, bila kuyachanganya na kitu. Pakaniwasha hadi pakavimba. Nikawaambia nyumbani: haya hayagusi ngozi ya mtu mzima mpaka yawe tone tu ndani ya kijiko cha mafuta mengine, na mtoto asiguswe nayo kabisa.

Mama mkwe alicheka. "Ngozi ya mjini hiyo," akasema. Mchaichai aliunywa kila asubuhi na haujawahi kumdhuru. Mafuta yake yangedhuruje? Wengi kijijini walifikiri hivyo hivyo. Nilikichomeka kichupa kwenye nyasi za paa, juu kabisa, nikadhani tumeelewana.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, mgambo walipita kila nyumba. Shamba la ujamaa halikuwa na udhuru, hata kwa anayenyonyesha. Nikamwachia mama mkwe mtoto, na mchana nikaomba ruhusa kwenda kunyonyesha.

Kilio nilikisikia kabla sijaiona nyumba. Halafu harufu. Niliacha kutembea, nikakimbia.

Alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, mwekundu toka shingoni hadi miguuni, macho yamefumba na kuvimba. Anang'aa. Mama mkwe alikuwa bado na kichupa mkononi, kitupu. Nakumbuka uso wake: ulikuwa na furaha iliyoanza kuingiwa na hofu.

"Nimempaka," akasema. "Leo amepakwa. Sijui mbona analia hivi."

Nilimpokonya mtoto. Nilimwaga maji ya mtungini mwilini mwake, na kilio kikapanda juu zaidi. Maji yaliteleza tu, mafuta yakabaki palepale. Sabuni hatukuwa nayo. Kijiji kizima hakikuwa nayo. Nikamkamulia maziwa ya kifua machoni kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Kisha nikaona ngumi yake mdomoni, anainyonya, ngumi inayonuka mchaichai. Nilimfuta ulimi kwa pindo la kanga. Alianza kukohoa.

Nilijua kwamba mafuta hutolewa na mafuta. Nilibisha mlango wa kwanza: hawana, mafuta ya pamba yaliishia kwenye kibatari. Wa pili, watu wote wako shambani. Wa tatu, bibi mmoja alinipa pole na kumwombea mtoto. Nilitaka kumpiga. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, nami sikuwa na chochote cha kumpa mtu yeyote, nilikuwa na mtoto anayeungua tu.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu muda wote huo. Tulipofika mbele ya mlango wa jirani alinishika kanga.

"Hapo usiingie, mwanangu. Nakuomba. Utatupotezea mtoto."

"Ameshapotea!" nikamfokea, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia sauti, nikaingia.

Jirani alivuta kibuyu uvunguni, akaketi, akampokea mtoto. Akachota samli kwa vidole, akampaka kifuani, akafuta kwa kitambaa, akapaka tena, akafuta, mgongo, mapaja, katikati ya vidole vya miguu. Alitumia samli yote. Mama mkwe alisimama nje, hakuvuka kizingiti. Kila mkono wa yule mwanamke ulipopita juu ya mtoto, nilimsikia mama mkwe akiguna kama mtu anayekandwa jeraha.

Lori la pamba lilitupeleka Bunda. Mganga wa zahanati alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu. Aliuliza mara mbili kama amemeza, na kama tumemtapisha. Tulikuwa hatujamtapisha. Afadhali, akasema, mafuta ya namna ile yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na hapo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Tulikaa pale mpaka kikohozi kikaisha. Macho yalifunguka, mekundu, lakini yaliona. Ngozi ilibambuka kama ya kiazi kilichochemshwa, na chini yake ikaja nyingine.

Mume wangu alikuja kutoka Musoma, alikokuwa akifanya kibarua mtaa wa Mukendo, akamshukuru jirani kwa jogoo. Mama mkwe hakumpokea tena mtoto jioni. Nilimpelekea, akaficha mikono ndani ya kanga. "Huyu sasa ana mwenyewe," akasema. "Nitamshika kama mtoto wa nani?" Nilikasirika naye. Nilikuwa na hasira za kilichotokea, sasa zikaongezeka hasira za hili, na sikuwa na mahali pa kuzipeleka, kwa sababu nilimwona anavyokonda. Hakula vizuri tena. Mchaichai wa karibu na bafu aliung'oa kwa mikono yake.

Mtoto alikaa, kisha akaanza kutambaa. Jioni moja nilimweka chini uani, nikawa napepeta mtama. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Mtoto akamwona, akaanza safari kwa magoti, akicheka peke yake. Mama mkwe akasogeza kigoda nyuma. Mtoto akaendelea. Akasogeza tena, na tena, mpaka mgongo wake ukagota ukutani na hapakuwa na pa kurudi. Mtoto akamshika mguu, akajivuta, akasimama kwa mara ya kwanza maishani mwake, amening'inia kwenye gauni la bibi yake.

Mama mkwe aliinua mikono yote miwili juu, mbali naye, machozi yanamtiririka.

"Mwondoe, mwanangu," akaniita. "Mwondoe, nitamuunguza."

Niliweka ungo chini. Sikumwondoa.