Kobe wa Bwawani na Mikono ya Mama Peresi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimetoka magharibi, nakaa mtaa wa Woodley kwa kaka yangu. Nilipata kazi katikati ya mji, kwenye studio ya picha ya Fundi Mutiso, Mkamba mmoja ambaye upole wake ulinitisha kuliko kelele za wengine. Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha kwa dawa na kuzianika. Kamera sikuishika ila nikiitwa.

Nami nilikuwa na kiburi, nikwambie ukweli. Nilikwisha kuchoka na nyuso za vitambulisho. Nyuma ya mtaa wetu, upande wa msitu, palikuwa na bwawa, na jua likipanda kobe wa maji walitoka wakajipanga juu ya gogo, wanane au tisa, shingo nje, miguu wameinyoosha kama wazee waliokwisha kunywa chai. Sikuwahi kusikia mtu amewapiga picha. Nikajiambia, Fundi akiona hao, kamera atanipa mwenyewe.

Basi Jumamosi tulipofunga kazi, nikaificha kamera kikapuni nikaondoka nayo.

Ndani yake mlikuwa na filamu iliyotumika nusu. Siku zile filamu haikusafishwa mpaka iishe, kwa hiyo wateja wa wiki nzima walilala humo pamoja. Wa mwisho alikuwa Mama Peresi, bibi mzee aliyeletwa asubuhi hiyo na bintiye Selina, mshonaji wa Dagoretti Corner. Mama alikuwa ametoka hospitali, na kesho yake angepanda basi arudishwe nyumbani. Binti alitaka abaki na sura yake. Hakusema kwa nini, wala sisi hatukuuliza. Tulimwona mama alivyokonda.

Kule bwawani nilipiga hatua moja tu, chubwi, chubwi, kobe wote majini! Nikalala kifudifudi majanini, nikihofia kaka yangu atapita akitoka kanisani aione kamera. Muda mrefu ukapita. Mwishowe pua moja ikatokeza, kisha kichwa, kisha mmoja akapanda gogo, wenzake wakamfuata. Nikapiga. Nikapiga tena. Nilipovuta kikono cha kusogeza filamu, kikagoma.

Fundi alikuwa akikata filamu mwenyewe kutoka rola kubwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu anayejua hasa ina picha ngapi. Mwenye akili angeachia hapo. Lakini kobe mkubwa kuliko wote ndiyo kwanza alikuwa anapanda, nami nikalazimisha. Kitu kikalia tap, kikono kikalegea. Filamu ilikuwa imechomoka mwishoni, na sasa haikurudi kwenye mkebe wake.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipoanza, mwanangu, si kabla ya hapo. Nilijua nikiirudisha hivyo, Fundi ataniuliza filamu imekatikia wapi. Hofu ikanishauri niitengeneze mwenyewe. Nikajifunika koti nipate giza, nikaiingiza kamera chini yake, nikafungua mgongo wake nipapase. Lakini koti lilikuwa limefumuka kwapani, na jua la saa sita likapenya. Nikaviona vidole vyangu. Ukiona vidole vyako, filamu nayo imekwisha kuviona. Nikafunga upesi, kana kwamba upesi ungesaidia.

Jumatatu niliirudisha mahali pake kimya kimya. Asubuhi nzima kila Fundi alipopita nyuma yangu, niliinamia picha zangu. Picha zilinidondoka mikononi mara mbili. Kisha nikasikia sauti yake.

"Hii kamera iko na tope. Ilikuwa na nani jana?"

"Ilikuwa na mimi, Fundi."

"Na filamu?"

"Ilikatika."

"Ulifungua?"

"Kidogo tu, Fundi."

"Mwanga hakuna kidogo," akasema, akaniita chumba cha giza.

Tuliisafisha pamoja. Kobe wangu, waliokuwa safu ya juu ya filamu iliyojiviringa, walikuwa weusi tititi, wote. Mama Peresi alikuwa chini yao, na wateja wa kabla yake, waliokuwa ndani zaidi, walipona. Picha zake zilikuwa nne. Tatu ziliungua. Ya nne mwanga ulikuwa umeila kutoka juu mpaka kiunoni, ukabakiza mikono yake miwili mapajani, imeshika leso.

Nilingoja kofi, na afadhali lingekuja. Fundi alisema tu, "Filamu kukatika si kitu. Imenikatikia mimi mara ngapi! Ungeniletea hiyo kamera imefungwa hivyo hivyo, ningeitoa hapa gizani, na picha ya huyu mama ingekuwa nzima. Sasa utapeleka wewe."

Akaichapa ile mikono, akanipa bahasha. Nilifika Dagoretti Corner jioni hiyo. Selina alisimamisha cherehani.

"Umeleta? Mama alienda na basi ya jana." Akafungua. "Na uso iko wapi?"

"Niliuharibu mimi, dada. Nilichukua kamera bila ruhusa."

Aliitazama picha. Kisha akagusa kidole gumba cha kushoto. "Hapa alijikata na jembe nikiwa mdogo," akasema. Nikafungua kinywa, akaniinulia mkono. "Usiniambie pole leo. Nenda tu."

Mama Peresi alifariki kabla ya Krismasi. Picha yake nyingine haikuwapo. Miaka mingi baadaye niliingia kwa Selina kushonewa suruali, nikaiona mikono ile ukutani, ndani ya fremu nzuri.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nikadhani wanawasema wengine. Mwanangu, kukosea utakosea, hakuna dawa ya hilo. Lakini kosa lingali limefungwa, lipeleke kwa anayelijua zaidi yako. Usilifungue peke yako chini ya koti kwa kuogopa kuulizwa, kwa maana ndani yake mna watu wasiokukosea chochote. Kobe walirudi kwenye gogo lao siku iliyofuata, na iliyofuata. Uso wa Mama Peresi haukurudi.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi" mapema, akupe na mtu kama Fundi wa kumwambia. Nao wakupendao wasikose sura yako siku watakapoitafuta. Amina.