Buti za Mama Kavu

Subira mimi sikuumbiwa, lakini Mama Kavu aliijua vizuri. Tuliosha magari pamoja miaka mitatu. Kila mapumziko, sisi tukikimbilia chai, yeye aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua buti za mpira, akafuta miguu kidole kwa kidole, hadi katikati ya vidole. Akabadili soksi. Buti akazianika juani. Jina hilo la Mama Kavu tulimpa sisi.

"Dada, unavifuta utadhani vichanga!" nilimtania.

"Cheka tu, mdogo wangu. Kinga ni bora kuliko tiba."

Ana kisukari. Zamani ukucha wake uliingiwa na fangasi, ukawa mnene, ukachimba kidole cha pili, na kidonda kikakaa miezi minne. Daktari alimwambia wazi kwamba kidonda kingine kama kile kinaweza kumkatisha mguu. Tangu hapo hata kikata kucha haazimi wala haazimishi. Buti ni za kituo chetu cha kuoshea magari, lakini yeye alitenga jozi yake tangu siku ya kwanza. Sisi wengine tulivaa zilizovuliwa na zamu iliyopita, bado zina joto la mwenyewe.

Jumatatu moja akaletwa msichana mpya, na buti zikapungua. Msimamizi akaziona zile za juani, akaziokota.

"Mpe hizo. Wewe vaa za wenzako."

Mama Kavu akasimama peku. "Baba, nifukuze ukitaka. Za watu sivai."

Na angemfukuza, yule tunamjua! Damu ikanichemka. Nikavua zangu palepale, nikamtupia msichana. "Vaa hizi! Mwacheni mama wa watu!"

Msichana hakuzitazama buti. Alitazama miguu yangu. Rangi ya kucha ilikuwa imebanduka, na mchana kweupe kila mtu akaziona: njano, nene, zimemeguka pembeni. Mwaka mzima nilikuwa nikizipaka rangi na kujikuna kwa kusugua mguu juu ya mguu, nikisema ni uchovu tu.

"Mimi hizo sivai," akasema msichana.

Msimamizi akarudi nyuma hatua mbili. Akamrudishia Mama Kavu buti zake, na msichana akapelekwa kufuta vioo mpaka zinunuliwe nyingine.

Aibu niliyoiona! Mama Kavu akavaa buti zake, akaja kuniketisha kwenye ndoo yake.

"Asante, mdogo wangu. Umeniokoa. Kesho nitakupeleka zahanati mwenyewe."

Sikuweza kutulia. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini ni mguu wake.

"Dada, nisamehe. Wiki iliyopita ulipokwenda dukani, nilizivaa hizo zako. Nilikuwa nakuigiza, niwachekeshe wenzangu."

Hakunitukana. Aliinama, akaanza kuzivua.