Nilimvunja Mkwe Wangu Mkono kwa Sababu ya Zulia

Kosa ni langu. Nasema mapema ili msije mkatafuta wa kumlaumu katikati ya maneno. Halikuwa la shetani, halikuwa la pombe. Mkono huu huu unaoshika kalamu ndio uliofanya.

Mimi ni bibi mtu mzima, Mkurya, na sijawahi kumwomba mtu msamaha mbele za watu. Kuandika nilijifunza kwenye madarasa ya watu wazima, enzi zile za vijiji, kwa hiyo herufi zikilala mniinulie. Majina nimebadilisha. Aibu nimeiacha ilivyo.

Nilizaa wasichana watupu. Wazuri, wenye nguvu, lakini wasichana huolewa wakaenda. Mume wangu Mwita akafa, nikabaki na zizi lililojaa na nyumba isiyo na mtu wa kushika jina lake. Sasa kwetu mwanamke wa namna hiyo hakai akalia. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana. Ndiyo, mwanamke anaoa! Tunaita nyumba ntobhu. Msichana anakuwa mkwe wako, anazaa na mwanaume mliyemkubali, na mtoto anakuwa wa nyumba yako, kwa jina la marehemu wako.

Nikamwoa Rhobi kutoka Gorong'a. Mrefu, mweusi, mkimya, mkono mwepesi wa kazi. Mtoto wa kwanza, wa kiume! Nikampa jina Mwita. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilitembea upande wote wa Nyambureti kama jogoo aliyetaga yai.

Hapo ndipo ningenyamaza nikamshukuru Mungu. Sikunyamaza.

Serikali ikatuhamisha. Tokeni huko kwenye miji yenu ya milimani, njooni mkae kijijini, nyumba kwa nyumba, mstari umenyooka kama mahindi. Zamani jirani alikuwa moshi tu wa mbali. Sasa jirani anakohoa unamsikia. Mlango wangu ukatazamana na wa Nyangi, na Nyangi, jamani, Mungu alimpa ulimi kwanza ndipo akamtafutia mwili.

Siku moja amekuja kuomba moto. Akachungulia ndani, akaona ngozi ya ng'ombe chini na kigoda cha marehemu. Akacheka.

"Eeh, bwana arusi! Umeoa, mahari umetoa, mke yumo ndani. Wageni wa bwana wanakaa wapi? Kwenye ngozi, wakune matako?"

Wanawake waliokuwa njiani wakaangua kicheko. Mimi nikacheka nao. Moyoni nikawa nachemka kama chungu cha togwa.

Wiki hiyo hiyo nikatoa dume zizini. Nikaenda Mugumu kwa fundi mmoja Mwislamu, mpole, mzuri wa randa. Akanichongea viti vya mninga vyenye mikono, na stuli moja nzito, miguu minene kama ya tembo. Na zulia nikaletewa kutoka Sirari, limevushwa mpaka kwa njia za panya. Jekundu, lina maua ya kijani. Wakati ule hata sabuni dukani ilikuwa ya kugombania, halafu mimi nina zulia! Nyangi alipoliona alisahau hata kusalimia.

Nikaweka sheria. Zulia halikanyagwi. Rhobi akitaka kupita kwenda chumbani, anapita pembeni, mgongo ukutani, mtoto begani. Viti havikaliwi mpaka aje mgeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa chini jikoni kwenye ngozi, navitazama kwa mbali. Upumbavu gani ule!

Na sheria kubwa kuliko zote: sebuleni samadi marufuku. Mnajua nyumba ya udongo. Bila kusiribwa kwa samadi mbichi sakafu inapasuka, inatoa vumbi, na vumbi linazaa viroboto na funza. Mama yangu alisiriba, bibi yangu alisiriba. Mimi nikasema harufu ya samadi itaingia kwenye zulia langu.

Rhobi alinionya. Hakunionya mara moja.

"Mama, sakafu imekufa. Haijapakwa tangu tuingie."

"Iache ifie hapo."

"Mama, mtoto ana funza. Vidole vyote. Hawezi kusimama."

"Si una mwiba? Mtoe."

"Nikimtoa leo, kesho wanaingia wengine. Wanatoka chini ya zulia lile, mama. Ukilinyanyua utaona."

Nikamgeukia. "Zulia la Sirari lina funza? Funza ulikuja nao wewe kutoka Gorong'a, kwenye kucha zako!"

Nilimwona akiinama kumtazama yule mtoto, aliyekwisha kujua kutembea, akitambaa tena kwa magoti kwa sababu nyayo zinauma. Nilimwona. Nikaenda zangu shambani.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yetu kwenye shamba la kijiji. Tulipomaliza, nikawakaribisha wanawake wa nyumba kumi zetu, Nyangi akiwemo, waje wakae kwenye viti. Njiani najisifu: leo mtakalia mninga, msije mkalala mkasahau waume zenu!

Tunafika. Viti vyote viko nje juani. Zulia limetupwa juu ya ua wa miiba, na mbuzi wa Nyangi anatafuna pindo lake, anatafuna kwa raha, macho kayafumba. Ndani, Rhobi amepiga magoti, mikono samadi mpaka viwiko, sakafu inang'aa kijani.

Nyangi akasema, "Loo! Bwana, hata mbuzi wangu amekaribishwa zulia. Sisi je?"

Kicheko kikapanda. Na damu yangu ikapanda nacho.

Niliingia. Rhobi akainua uso, akasema, "Mama, ngoja nikuonyeshe mtoto..." Hakumaliza. Nilimshika nywele nikamburuta nje juu ya sakafu yake mbichi. Nikampiga ngumi. Nikampiga teke. Hakupiga kelele, na ule ukimya wake ukanizidisha wazimu. Nikaokota ile stuli ya mninga, nikainyanyua juu. Akainua mkono kukinga kichwa.

Mfupa ulilia. Wanangu, mfupa wa mtu hulia kama kuni kavu.

Nikainyanyua tena. Hapo nikasikia maumivu kwenye muundi. Mwita wangu alikuwa ametambaa kwa magoti, amening'ang'ania mguu kwa meno. Mtoto wa jina la mume wangu, vidole vimevimba kama dengu zilizolowekwa, ananiuma ili nimwache mama yake.

Nikampiga teke. Akaruka kama mpira wa matambara, akaangukia mgongo.

Hakuna aliyecheka tena. Nyangi, yule Nyangi wa ulimi, ndiye aliyenishika kiuno akaniangusha chini, akanikalia. "Umeua! Mwanamke, umeua!" Hakufa mtu. Lakini Nyangi alisema kweli, sikujua tu ni nini kilichokufa.

Kaka zake Rhobi walifika na mapanga. Mkubwa wao akasimama mlangoni.

"Nani amemvunja dada yetu?"

"Mimi," nikasema. "Mwenye ng'ombe."

Aka! Kiburi! Ningesema nimekosa, wangeishia kufoka. Wakavikata viti vile mpaka vikawa kuni, zulia wakalichana kama majani ya mgomba. Nikatoka na mchi, nikampasua mmoja kichwa. Mwingine akanipiga ubapa wa panga mdomoni. Meno yangu ya mbele yaliachwa pale pale uani. Wakamchukua Rhobi, mkono umefungwa kwa khanga. Mwita yuko mgongoni kwa mjomba wake.

Wazee wakakaa ritongo, baraza letu la ukoo. Wakanipa haki! Kimila mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Wakasema, ama mtoto arudi kwa bibi, ama ng'ombe warudi zizini kwake. Mzee mmoja akanivuta pembeni. "Bibi Mwita, nenda kamwombe msamaha yule binti. Chukua mbuzi, nenda. Atarudi."

Nikajibu kwa sauti ili ndugu zake wasikie. "Nikamwombe nani? Hao wana ng'ombe wa kurudisha? Hata mkia hawana! Walete, nione!"

Waliwaleta.

Walipita nao katikati ya kijiji, mchana kweupe, watu wamesimama milangoni. Sikuuliza waliwatoa wapi, na kwetu swali hilo si la busara. Walipowaingiza zizini kwangu mdogo wao akaniambia, "Hesabu, mama. Tusidaiane." Zizi likajaa mpaka ng'ombe wanapandiana migongo. Nyumba ikabaki mimi na sakafu aliyoisiriba nusu.

Miaka ikaenda. Wajukuu kwa binti zangu ninao tele, lakini hao ni wa nyumba za waume zao. Mwaka wa tohara nikasikia kijana wa Rhobi anaingia. Nikajitanda khanga usoni, nikaenda Gorong'a kwa miguu kama mwizi. Nikasimama kando ya njia kati ya wanawake, vijana wanatolewa kwenye kisu wanarudishwa nyumbani kwa nyimbo.

Nilimjua kabla hajafika. Miguu ya mume wangu ile, na kifua. Watu wakawa wanaambiana kwamba hakupepesa hata kope. Damu inamtiririka na uso ni jiwe. Kifua kilinijaa, nikafungua mdomo nipige kigelegele. Kisha nikasikia waimbaji wakimtaja. Chacha! Chacha wa mji wa wajomba zake. Mwita hayupo. Jina lile walilifuta siku waliyorudisha ng'ombe.

Mbele yake alikuwa Rhobi, anacheza, fimbo juu, kwa mkono mmoja. Ule mwingine umepinda kiwikoni, haunyooki.

Mwanamke wa pembeni yangu akanitazama. "Mama, shikamoo. Mbona unalia siku ya furaha? Kijana yule ni wako?"

"Marahaba. Hapana," nikamwambia. "Mimi mpita njia."

Basi, ninyi mama wakwe, na ninyi mnaooa wasichana wa watu kwa ng'ombe mkadhani mmenunua na mifupa yao, nisikieni mimi mnayeweza kunicheka. Mtoto wa mwenzio akikosa, ondoka, nenda kisimani, kapige mawe, kapige maji, urudi umepoa. Na mzee akikuambia nenda kaombe msamaha, nenda siku hiyo hiyo, hata kwa kutambaa. Usingoje kiburi kikuruhusu. Changu hakijaniruhusu mpaka leo, ndiyo maana nimeandika gazetini badala ya kwenda Gorong'a.

Rhobi mkono wake umepinda. Wangu umenyooka, mzima, una nguvu bado. Hauna wa kumshika.