Vidole Vinne Begani mwa Delphin

Mama Pélagie aliingia kwenye duka la kazi za mikono Jumamosi ile akiwa na hasira zake zote, na binti aliyemuuliza kama anatafuta shanga au uzi wa kufuma alijibiwa kwa jicho tu. Alikuja kwa somo la kuchora. Mlangoni walikuwa wamebandika tangazo: wasiojua kabisa wanakaribishwa, somo la kwanza ni la kujaribu. Yeye alikuwa hajui kabisa, kwa hiyo aliona wamemwandikia yeye.

Tangu mumewe Delphin afariki, ndugu zake walikuwa wamepita nyumbani, na msidhani walipita kusalimia. Walibeba kitanda, wakabeba pikipiki, wakabeba mpaka ndoo ya kuogea. Ndugu za marehemu, jamani! Machozi mkono huu, mkokoteni mkono ule. Aliyekuwa anaonyesha kwa kidole ni wifi yake Chantal, dada yake Delphin: hiki ni cha kaka yetu, na kile, na kile pia. Alichukua simu yenye picha zote. Alichukua hata picha ya harusi iliyokuwa ukutani. "Ni ya familia," alisema, kana kwamba bibi harusi aliyesimama ndani yake alikuwa pambo la kukodi.

Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Huku Kalemie, siku hiyo picha ya marehemu inawekwa mezani mbele ya watu wote, na mjane anakaa kando yake. Sasa Chantal alikuwa amemtumia neno: picha iko kwetu, wewe ukuje kama wageni wengine, ukae nyuma. Miaka yote ya ndoa, halafu ukae nyuma! Pélagie alilimeza neno lile na halikushuka. Akaapa kwamba atakuja na picha yake mwenyewe, na kama hakuna ya kupiga, ataichora.

Mwalimu alikuwa Papa Edmond, yule anayechora mabango ya maduka mjini. Alimpa kila mtu kibao na rangi, kisha akaweka chungu katikati ya meza.

"Leo tunachora chungu," alisema.

"Miye nachora bwana yangu," alisema Pélagie.

"Mama, mutu anaanza na chungu. Uso njo kazi ya mwaka muzima."

"Chungu niko nacho nyumbani. Kimepasuka, njo maana wamekiacha."

Wasichana wawili waliokaa mwisho wa meza walicheka. Pélagie akawageukia. "Mucheke tu. Siku mutafiwa na mabwana, mutaona rangi ya mashemeji." Kicheko kikakatika.

Papa Edmond hakutaka vita dukani. "Basi chora unachotaka. Lakini hii ni rangi ya mafuta, haikauki leo wala kesho. Usiiguse, usiiegemeze kwenye kitu."

"Nimesikia. Miye si mutoto."

Alichora duara la kichwa. Akachovya brashi, akangoja uso uje. Haukuja. Pua ya Delphin ilikuwaje? Macho je? Alifumba yake, akafumbua, akafumba tena, na kila alipojaribu ilikuja sura ya mtu mwingine, ya jirani, ya kasisi. Hapo Pélagie aliogopa kweli. Kitanda kilimuuma, pikipiki ilimuuma, lakini hili la kumtafuta mumewe kichwani mwake mwenyewe na kumkosa lilizidi yote. Alitaka kumpiga mtu. Alipangusa lile duara kwa kitambaa kwa nguvu mpaka kibao kikalia.

Halafu akajikuta anawaza safari za Niemba. Delphin alikuwa dereva wa pikipiki, na kila walipokwenda Niemba kuchukua muhogo wa kuuza, yeye alikaa nyuma yake, vumbi mpaka kwenye meno. Uso wa Delphin ulitazama barabara. Yeye Pélagie alitazama shingo. Na shingo ile alikuwa anaijua! Imeinama kushoto, kwa sababu sikio la kushoto ndilo lililokuwa linasikia injini vizuri. Sikio la kulia lina pengo dogo alilong'atwa na mbwa utotoni. Koti la kahawia, na begani kiraka cha buluu, kipande cha kitenge chake yeye Pélagie, alichokishona kwa mkono wake. Alipaka rangi bila kupumzika, akibonyeza brashi kama anasugua sufuria iliyoungua.

Papa Edmond alipita nyuma yake. "Umechora mugongo?"

"Mugongo."

"Umepinda."

"Na yeye alikuwa amepinda. Endelea na chungu chako."

Ndipo Chantal akaingia. Alikuja kuchukua tisheti za matanga zenye picha ya marehemu, maana duka lile lile ndilo lililozichapa. Alivaa moja palepale juu ya nguo yake, nyeupe pee, akajigeuza mbele ya kioo. Kifuani Delphin alikuwa anatabasamu. Pélagie aliitambua picha ile: ni ya harusi, wamemkata yeye wakamtupa. Lakini aliyekata alikuwa mvivu. Begani mwa Delphin vilibaki vidole vinne vya mwanamke, havina mwenyewe. Vyake.

"Eh, wifi! Na wewe umekuwa mwanafunzi?" Chantal alisogea, akainamia kibao. "Njo nini hii? Gunia la muhogo?"

Wasichana wakacheka tena. Chantal naye alicheka, kisha akatazama zaidi, na kicheko chake kikafa chenyewe. Alitazama sikio. Alitazama kiraka.

"Yaya Delphin alikuwa anainamisha shingo hivi," alisema kwa sauti ndogo. Kwa dakika moja alikuwa mtu aliyefiwa na kaka yake, na Pélagie alikaribia kumwonea huruma. Alikaribia tu. Maana Chantal alinyoosha mabega, akakishika kibao kwenye pembe.

"Hii ni ya kaka yetu. Inabaki kwa familia."

"Nimeichora miye! Sasa hivi, kwa mukono huu!"

"Na mugongo ni wa nani? Wako?"

Walivutana, mmoja huku, mwingine kule, na Papa Edmond anasema mama, mama. Kisha Pélagie akaona rangi inavyong'aa, mbichi kabisa. Akaiangalia ile tisheti nyeupe. Akaachia.

"Beba, wifi."

Chantal aliogopa Pélagie asije akabadili mawazo. Alikikumbatia kibao kifuani kwa mikono miwili, tisheti nyingine kwenye mfuko begani, akatoka kidevu juu.

"Lakini Mama, ile rangi..." Papa Edmond alianza, na Pélagie akamkanyaga mguu.

Upande wa pili wa barabara, Chantal alishusha kibao ili asimamishe pikipiki. Wote dukani waliona. Kwenye tisheti, uso wa Delphin ulikuwa umefunikwa wote na kahawia ya koti. Vile vidole vinne tu ndivyo vilivyobaki, safi, vimeshikilia bega.

Pélagie alirudi mezani, akavuta kiti.

"Papa Edmond, lete kibao kingine."

"Utachora chungu sasa?"

"Mugongo uleule," alisema, akichovya brashi kwenye kahawia. "Na kesho nakaa nao mbele."