Sala ya Koito Iliyokataa Kuisha

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kama ni kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu aibu niliyojipatia mbele ya wakwe ni kubwa na sitaki kuulizwa njiani nikipeleka majani chai.

Akili yangu hushika jambo moja ikakataa kuliachilia. Daktari alisema ni ugonjwa, mimi nikasema ni dhambi (mchungaji aliniombea, nikamwambia arudie, akarudia mpaka sauti ikamkauka).

Basi siku ya koito, watu wa kijana walipokuja kumposa mjukuu wangu Chelangat, mwanangu alitaka mzee jirani ndiye afungue kwa maombi. Nikakataa, nyanya ni mimi. Hapo ndipo nilijiharibia.

Nikaomba vizuri, wakasema Amina, wakakaa. Akili ikaniuliza: umesema "wabariki" ama umesema "walaani"? Nikawasimamisha tena. Tukaomba, wakakaa, nikawasimamisha, chapati zikapoa, nzi wakaanza kula kabla ya wageni, mpaka mjomba wa kijana, mtu mnene wa magoti mabaya, akakataa kukaa. "Mama, wacha tu nisimame, naona bado."

Mwanangu akaninong'onezea, "Mama, Mungu alisikia ile ya kwanza."

"Yeye alisikia. Ni mimi sikusikia."

"Kwani shida ni nini?" mjomba akauliza, na mimi, kwa ujinga wa kusema ukweli, nikamjibu, "Naogopa nimewalaani."

Kwetu Wakipsigis laana ya mama mzee si mchezo. Kofia zikachukuliwa. Mama ya kijana akashika mkoba. Chelangat akasimama mlangoni akilia.

"Kogo ni mgonjwa wa wasiwasi, hajalaani mtu," akawaambia. Kogo ni mimi, nyanya yake. "Hata kufuli ya zizi anarudi kuishika mpaka ng'ombe wanamshangaa."

Mjomba akanitazama. "Basi mama, sema mara moja tu. Umetubariki?"

Mara moja. Afadhali angeniambia nibebe mmoja wa hao ng'ombe.

"Nimewabariki," nikasema, na swali likarudi papo hapo, umesema nini, umesema nini, nikanyakua kibuyu cha mursik nikajaza mdomo, nikakaa hivyo mashavu yamevimba, maziwa yakichuruzika kwa leso yangu mpya, mpaka mjomba akaketi, na wengine wakamfuata.

"Leteni hizo chapati," akasema, "kabla hajameza."

Posa ikakubaliwa. Wageni walipoondoka niliwaita wote wa nyumba yangu nikawaambia: nikisema Amina, ni Amina, nikianza tena, msifunge macho, msinijibu, pakueni chakula.